Jiwe Lililomeza Mkoromo

Jumatatu, 3 Aprili

Nimeduwaa. Chai imepoa mbele yangu na bado nimeduwaa.

Asubuhi Bwana Inokuchi, mwenye kampuni yetu ya matembezi, alituita ofisini mimi na Bi Orito. Akasema msimu huu wa maua anaanzisha safari mpya. Siku nzima, basi kubwa, mahekalu ya kale ya Nara na nyumba za miungu za pembezoni. Safari ya heshima. Nikainama kushukuru. Nilikuwa bado nimeinama aliposema kwamba hajaamua nani ataiongoza.

Hajaamua!

Mimi, Kuwabata Shigeharu, natembeza wageni katika mji huu tangu nina nywele. Bi Orito Fumie amekuja juzi tu, kutoka mapokezi ya hoteli. Ni kweli ana sauti. Ni kweli akisimulia, wageni hutoa leso. Mimi nikisimulia, hulala. Lakini mtu halali mbele ya asiyemwamini. Hilo Bwana Inokuchi halioni.

Masharti ni haya. Kila mmoja wetu ataongoza safari hiyo mara moja, mimi Alhamisi, yeye Jumamosi. Wageni ni chama cha wastaafu cha mtaa wa jirani, kimegawanywa makundi mawili. Kila mmoja atawapeleka wageni kwenye kituo kimoja cha kuchagua mwenyewe, mahali ambapo mabasi mengine hayafiki. Mwenyekiti wa chama, Bi Minobe, atakwenda safari zote mbili, kisha atasema nani amemkuna.

Nikamsimulia dada yangu Tazuko, ninayeishi naye tangu shemeji afariki. Alikuwa akimenya viazi. Akasema aliwahi kumsikia Bi Orito ndani ya basi, akalia mpaka akashukia kituo kisicho chake. Nikamkumbusha kwamba mimi ni ndugu yake tumbo moja. Akasema ndiyo maana amelificha jambo hilo mpaka leo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinanipikia na wali.

Jumanne, 4 Aprili

Nimetoka na baiskeli kutafuta kituo. Kila pembe niliyodhani imejificha nilikuta kibanda cha kuuza vitambaa vya mkononi. Mchana miguu ikakataa. Nikajitupa kwenye bonde la Tsuzurano, nyuma ya mashamba ya mpunga, nile tonge langu la wali.

Hapo ndipo nilipoiona. Nyumba ndogo ya mungu chini ya mierezi, lango lake jekundu limechujuka hadi rangi ya kamba aliyechemshwa. Hakuna mtu ila kuhani mzee, Mzee Sugitate, anafagia majani. Akanikaribisha chai. Akanieleza kwamba huenda huu ndio msimu wao wa maua wa mwisho. Vijana wa bonde wamehamia Osaka. Baraza la wazee limepanga mungu wao achukuliwe wakati wa mavuno, apelekwe mjini akakae kwenye nyumba ya mungu mwingine.

"Kama mjane anayehamia kwa mkwe," akasema, akacheka peke yake.

Nilimwonea huruma. Haikudumu, kwa sababu nililiona jiwe.

Jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala, limeota kuvu, na ubavuni lina tundu linalotosha bakuli la chai. Nikauliza lina kisa gani. Mzee Sugitate akafikiri sana. Mwishowe akasema baba yake alikuwa akilikalia anapofunga viatu.

Nilishtuka. Jiwe zuri namna ile, halina kisa! Katika Nara! Hapa hata ngazi zina visa. Niliona haya kwa niaba ya jiwe.

Nimeamua kulisaidia.

Jumatano, 5 Aprili

Kutwa nzima kutunga. Kwanza nilimweka shujaa na upanga. Nikamtoa, kwa sababu kila jiwe la nchi hii limeshapigwa upanga. Nikajiuliza, wastaafu wanataka nini? Si upanga. Wanataka usingizi.

Basi. Zamani za wafalme wa Nara palikuwa na ofisa aliyekoroma hata kulungu wakahama bustanini. Mkewe, mwenye subira, akakonda. Akaja Tsuzurano, akanong'ona jina la mumewe kwenye tundu la jiwe, na jiwe likaumeza mkoromo. Mpaka leo upepo ukivuma jiwe hukoroma.

Nilipofika kwa kulungu wanaohama nilicheka mpaka nikakohoa. Kazi ya mikono yangu!

Kilichobaki ni kusema nimekipata wapi. Nitasema bibi yangu. Bibi ana faida mbili: anaheshimika, na amekwisha kufa.

Alhamisi, 6 Aprili

Siku ya safari yangu.

Katika jumba la Buda Mkuu mambo yalianza kuharibika. Pale kuna nguzo yenye tundu chini, na watu hupita humo kutafuta baraka. Hupita watoto. Niliwaambia wageni kwamba hata mtu mzima hupita, ila awe na moyo safi. Nikajitosa kuonyesha.

Kichwa kilipita. Mabega yakapita. Baada ya hapo sikupita tena, si mbele si nyuma.

Wastaafu walinivuta miguu. Kiatu nilikuwa nimevua, na soksi ya kulia ina tundu, na dole gumba langu likatazamwa na chama kizima. Nikamsikia Bi Minobe akimwuliza mumewe kama hiyo nayo ni sehemu ya safari. Mzee Minobe akasema kama ni sehemu ya safari basi ndiyo iliyomwamsha.

Nilipotoka nilikuwa bila kifungo kimoja na bila heshima. Huko nje mmoja wa kulungu wanaozurura huru mjini humu akala ramani yangu. Nikamtazama. Akanitazama. Akala na bahasha yake.

Nikasema moyoni, Shigeharu, una jiwe.

Tsuzurano nikasimama mbele ya jiwe nikasimulia. Bibi yangu, Mungu wake amweke pema, ofisa, mkoromo, kulungu. Nilimaliza. Nikatazama nani amelala. Hakulala mtu! Wanawake walikuwa wanatazamana kwa jicho lile la watu waliokwisha kuelewana. Kisha, bila mimi kusema neno, wakapanga foleni.

Foleni! Katika maisha yangu ya kazi foleni niliyowahi kuianzisha ni ya kwenda chooni.

Mmoja mmoja wakainama wakanong'ona kwenye tundu lile. Bi Minobe alikaa huko muda mrefu hata nikashangaa, maana "mume wangu anakoroma" si maneno mengi. Mzee Minobe akauliza kwa sauti:

"Na mimi je, ninong'one jina la nani?"

"Wewe nenda kwenye basi," mkewe akamjibu kutoka ndani ya tundu.

Kuhani alikuwa amesimama na ufagio wake, kinywa wazi. Nikamwinamia nikaondoka upesi, kabla hajataja viatu vya baba yake.

Ijumaa, 7 Aprili

Siamini. Naandika mara ya pili: siamini.

Bi Minobe amepiga simu ofisini. Mumewe hakukoroma. Usiku kucha kimya! Bwana Inokuchi akanipokea kwa mikono miwili, akanipa chai ya majani yale anayowawekea wageni wa benki. Nikainywa polepole ili Bi Orito aione.

Baadaye nikakutana na Mzee Minobe kwenye duka la maharage ya kuchachushwa. Macho mekundu kama ya samaki wa juzi. Akanieleza kwamba hakukoroma kwa sababu hakulala. Alikaa macho kwa hasira ya kusemwa kwa jiwe. Nikamsihi, kwa ajili ya utamaduni wa Nara, akasirike mpaka Jumatatu.

Bi Orito alifanya kazi zake kutwa nzima. Ila jioni, anavaa koti lake, aliniuliza bibi yangu alikuwa mtu wa wapi. Nikasema wa Tsuzurano. Akasema, "Kumbe," akafunga vifungo vyake vyote, akaenda zake.

Sikuipenda ile "kumbe."

Jumamosi, 8 Aprili

Wizi! Wizi mchana kweupe, mbele ya miungu!

Dereva wa basi alinidokeza jana kwamba kituo cha Bi Orito ni Tsuzurano. Nilidhani ananitania. Hata hivyo nikavaa barakoa na kofia ya dada Tazuko ya bustani, nikaenda kwa baiskeli, nikajibanza nyuma ya mwerezi.

Basi likaja. Akashuka Bi Orito, nyuma yake kundi la pili la wastaafu, na Bi Minobe na mumewe mbele kabisa. Akawapeleka moja kwa moja kwenye jiwe. Jiwe langu! Akawaambia kisa walichosikia wenzao ni kweli, ila kimekatika njiani. Yeye amekipata kamili. Kwa bibi yake.

Bibi yake!

Katika kisa cha Bi Orito, mume hakuwa na neno. Mke ndiye aliyekoroma. Mume alinung'unika miaka yote, akaja kuliomba jiwe liumeze mkoromo. Jiwe likaumeza. Kisha mke akafa. Na usiku ule nyumba ikawa kimya, na mume akagundua kwamba hawezi kulala katika kimya. Akarudi kwenye jiwe, akaliomba limrudishie. Jiwe halirudishi. Lakini likamruhusu aweke sikio.

"Basi kila jioni," Bi Orito akasema kwa sauti ile yake, "alikuja kumsikiliza mkewe analala."

Leso zikatoka kama maua ya micheri. Mzee Minobe alitazama pembeni, akajifanya anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Mimi mwenyewe nilipangusa macho kwa barakoa, kwa hasira. Ametia kifo katika kichekesho changu! Na kulungu wangu wako wapi?

Nilitaka kupiga kelele kwamba ni uongo. Lakini nitasemaje ni uongo bila kueleza nimejuaje?

Hapo chavua ya mierezi ikanipata. Nilipiga chafya ambayo ilirusha kofia.

"Bwana Kuwabata," akasema Bi Orito bila kugeuka, "toka huko nyuma, utaugua. Njoo utueleze. Bibi yako alisemaje?"

Wakanigeukia wote. Mzee Sugitate naye na ufagio. Nikasema bibi yangu alisema hivyohivyo, ila alikuwa na haraka.

Mzee Sugitate akatushika mikono sote wawili. Macho yake yalikuwa na maji. Akasema mabibi wawili hawawezi kukosea jambo moja. Akasema Jumanne baraza la wazee litakaa hapo, na anaomba tuje tuape mbele ya mungu kwamba kisa tumekipokea kwa wakubwa wetu. Kisha atakichonga kwenye ubao.

Nimerudi nyumbani nikiburuta baiskeli. Sikumbuki njia.

Jumapili, 9 Aprili

Nilikwenda kuchungulia. Nilitumaini nitakuta kimya, mambo yameisha.

Magari yamejaa mpaka kwenye mpunga. Foleni inatoka kwenye jiwe, inapita lango, inazunguka bwawa. Wanawake wa bonde wameweka meza, wanauza keki za mchele zenye umbo la pua. Pua! Kwa siku tatu tu! Wapo wanaonong'ona, wapo wanaoweka sikio, na wapo, nimeona kwa macho yangu, wanaofanya yote mawili ili wasipoteze nafasi.

Mzee Sugitate amevaa joho jeupe la sherehe. Akaniambia wazee wa baraza wamekuja jana kutazama na mmoja amesema labda mungu asihamishwe. Alinishukuru. Aliinama chini sana kwa mtu wa umri wake, na mimi nikainama chini zaidi, na tukabaki hivyo, kwa sababu nilikuwa naogopa kumtazama.

Kisha nikamwona dada Tazuko.

Alikuwa ameniaga anakwenda sokoni. Kikapu kilikuwa mkononi, kitupu. Alipofika zamu yake hakunong'ona. Aliinama akaweka sikio kwenye tundu, akafumba macho, na mkono wake mmoja ukalipapasa jiwe kama mtu anayetafuta blanketi. Alikaa. Waliomfuata hawakumharakisha.

Nimeduwaa hata sasa. Dada yangu, ambaye hunitania mchana na usiku, ameliamini jiwe langu. Au la Bi Orito. Sijui alisikiliza nini. Mkoromo ninaokoroma mimi hausikii vya kutosha nyumbani?

Amerudi na macho mekundu. Nikasema chavua mwaka huu ni kali. Akasema ndiyo, ni kali. Akanipikia mayai, bila kunitukana. Nilishindwa kuyala. Sikuzoea.

Baadaye nikamtupia swali, kwa ujanja, kama kwamba halina maana: bibi yetu alipata kufika Tsuzurano?

"Bibi?" akasema. "Bibi alizaliwa Nagoya, akafia Nagoya. Hapa hakukanyaga. Aliogopa kulungu."

Jumatatu, 10 Aprili

Mpango: Bi Orito aape peke yake. Mimi niwe mgonjwa. Akiapa, laana ni yake, sifa tutagawana.

Nikanunua sanduku la keki za maharage matamu, nikamfuata nyumbani kwake. Anakaa juu ya duka la miavuli. Akanitilia chai. Nikaanza kukohoa kidogo kidogo, kuandaa njia.

Akaniacha nikohoe mpaka nikachoka. Kisha akasema, taratibu:

"Hadithi ni yako, Bwana Kuwabata. Usijisumbue."

Akanieleza. Na yeye alifika Tsuzurano Jumatano, akitafuta kituo. Akamwuliza kuhani habari za jiwe, akaambiwa habari za viatu. Siku ya pili jiwe likawa na kisa cha tangu enzi za wafalme. Akasema ameona mambo mengi yakikua haraka wakati wa maua, lakini si namna ile.

Nikamwuliza, nimehamaki, kwa nini basi hakunifichua.

"Kwa sababu nilimwona yule mzee anafagia njia ambayo hapiti mtu," akasema. "Nikasema, uongo umekwisha kusimama, watu wameanza kuja. Wacha niushike mkono usianguke. Nikauongezea kidogo. Lakini kuapa mbele ya mungu wake, hapo mimi sifiki. Kesho twende pamoja, saa nne, tumwambie."

Nikaona jinsi alivyo. Anataka tukiri pamoja, yeye kwa sauti yake, mimi kwa kikohozi changu. Watalia naye, watanicheka mimi. Nikakubali. Nikaapa tutakutana saa nne getini.

Nitafika saa mbili. Nitaapa haraka, kwa maneno ya kimya kimya ambayo mungu anaweza kuyaelewa vyovyote apendavyo, ubao utachongwa jina langu, na saa nne Bi Orito atakiri peke yake.

Keki zangu amekula mbili. Sikutegemea atafungua sanduku mbele yangu.

Jumanne, 11 Aprili

Nilifika saa mbili. Bi Orito alikuwa amekwisha kufika.

Alikuwa amekaa kwenye ubao wa veranda na Mzee Sugitate, chai mbele yao, na kwa rangi yake majani yalikuwa yameshamiminiwa maji mara ya pili. Nikamwambia, kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa, kwamba tulipatana saa nne. Akasema ndiyo, na ndiyo maana alijua nitakuja saa mbili.

Wazee wa baraza wakaja, wakakaa kwenye mikeka. Mzee Sugitate hakuniweka mbele ya mungu. Alinigeukia tu pale nilipopiga magoti.

"Bi Orito ameniambia kwamba bibi yake hakuwahi kufika hapa," akasema. "Na wako?"

Nilitazama paa. Nilitazama wazee. Nikasema bibi yangu alikuwa mtu wa kusafiri sana kwa mawazo. Nikasema kisa chenyewe kipo, ila inawezekana niliongeza kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Chote," nikasema.

Mzee mmoja wa baraza akaachia kikombe. Mimi nikasubiri radi. Nje nilisikia watu wameanza kufika, viatu kwenye changarawe.

Mzee Sugitate aliokota kikombe kile akakiweka pembeni. Uso wake uliporomoka kidogo, kama nguo iliyotolewa kwenye kamba, na hapo nikatamani kweli radi. Kisha akawageukia wenzake, si mimi. Akasema wiki nzima amekuwa akifagia karibu na lile jiwe. Hakusikia watu walichonong'ona, wala hakutega sikio. Lakini aliziona nyuso zao wakati wanainama, na aliziona wakati wanainuka.

"Hawakuja kwa ajili ya kukoroma," akasema. "Mimi nimekaa hapa maisha yangu yote sikujua kwamba watu hawana mahali pa kuinamia."

Akasema hatachonga ubao wowote. Akiulizwa jiwe lina kisa gani, atajibu ukweli, kwamba baba yake alilikalia anapofunga viatu. Anayetaka kuinama na ainame. Wazee wakanong'onezana. Wakasema mungu abaki mpaka mavuno ya mwaka ujao, kisha wataona.

Nilipigwa na butwaa. Si kwa mungu kubaki. Hilo ni jema. Lakini wamekitupa kisa changu chote! Nikawaomba wabakize angalau kulungu wanaohama. Nikaeleza kwamba kulungu hawana hatia. Bi Orito akanishika kiwiko akanitoa nje.

Tukiwa njiani akasema nimefanya vizuri kusema "chote." Nilimtazama nione kama ananikejeli. Sikuona. Hilo limenitia wasiwasi zaidi.

Mchana Bwana Inokuchi akatuita. Bi Minobe amekwisha kusema. Safari ni ya Bi Orito, kwa sababu Mzee Minobe tangu Jumamosi amekuwa akimshika mkewe mkono wakati wa kulala, jambo ambalo hajalifanya tangu treni za moshi, na anakoroma kama kawaida, na mkewe hajali. Kuhusu mimi alisema nilikuwa wa kufurahisha, hasa kwenye nguzo.

Na mimi je? Bwana Inokuchi akatazama dirishani. Akasema kuna kiwanda cha achari za figili ng'ambo ya mto. Wanapokea wageni siku za kazi. Wanahitaji mtu wa kuwatembeza.

Figili!

Dada Tazuko alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitilia bia bila mimi kuomba, na akasema jiwe limebaki, hilo ndilo la maana. Sikumwelewa, sikumwuliza.

Ijumaa, 14 Aprili

Siku ya kwanza kiwandani. Nimeshtushwa na jinsi figili zisivyo na la kusema. Zinaoshwa. Zinatiwa chumvi. Zinakaa. Nimewaeleza wageni hivyo, na kufikia pipa la tatu wanne wamelala wima.

Nimejirekebisha. Mwongozaji mwenye heshima hasemi uongo mahali patakatifu, hilo sasa nalijua vizuri. Lakini kiwanda si mahali patakatifu.

Basi walipofika kwenye pipa kuu la mwisho niliwaambia kwamba pipa hili lilitengenezwa na mwanzilishi wa kiwanda kwa machozi yake mwenyewe. Binti aliyempenda aliolewa na muuza tofu. Akalia ndani ya pipa majira yote ya baridi, na ndiyo maana achari za hapa hazihitaji chumvi nyingi. Mjane au mgane akiligusa pipa hili kwa mkono wa kushoto, hatamaliza mwaka bila mwenzi.

Waliamka! Wameligusa! Bibi mmoja alirudi kuligusa mara ya pili, kwa mikono yote miwili, na akauliza kama kuna wageni wanaume siku ya Jumatano.

Meneja, Bi Wakisaka, mkwe wa mwanzilishi, alikuja mbio kuona kelele ni za nini. Amefurahi. Akaniuliza kisa hiki nimekipata wapi, maana yeye hajapata kukisikia. Safari hii nilikuwa makini, sikumtaja bibi. Nikamwambia nilikisikia kwa mwanzilishi mwenyewe, marehemu, alipokuwa karibu kukata roho, akanishika mkono na kuniomba nisikiache kipotee.

Bi Wakisaka akanitazama kwa mshangao mkubwa.

Kumbe mzee yuko hai. Ana miaka tisini na kitu, masikio mazima, na kila Jumatatu huja kuonja chumvi.

Leo ni Ijumaa. Nina wikiendi nzima ya kujua anakaa wapi na kumkumbusha jinsi alivyolia.